Fundo la Tata Faida Darajani

Ng'ambo ya daraja, barabara ya Dilolo
Jumapili, tumetoka kanisani

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Magoti yako yanaendeleaje? Ile baridi ya mwezi wa saba iliyafanya nini mwaka huu? Na mbuzi yule mweupe, alizaa salama au Kabedi alinidanganya ili nifurahi? Nijibuni yote, hata madogo. Mtu akiwa mbali, hata habari ya mbuzi ni chakula.

Sisi huku tuko wazima. Ilunga anakaa mwenyewe sasa, ana meno mawili chini na anayajaribu kwenye ziwa langu. Faida ameanza kuwajibu watu wakubwa. Namkemea, halafu nageuka pembeni kucheka. Mimi nimechoka tu, Mama. Lakini uchovu si ugonjwa, wewe ndiye uliyenifundisha hivyo.

Kabedi, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama: soma pole pole. Usiruke mahali popote, hata pale utakapoona haya kwa ajili yangu.

Mama, najua shemeji yangu wa Manika amekupigia simu. Najua alivyosema: "Ngoie ameuza mume wake mbele ya watu." Na neno lako limenifikia. Unataka nichague: niende Manika kwa kaka yake nimpigie mume wangu Kalenga magoti, au nibebe watoto nirudi Kabongo, maana mwanamke hakai peke yake kando ya barabara kama jiwe la kilomita. Ningekujibu kwa simu, lakini kwenye simu utalia, nami nitalia, na uniti zitaisha tukiwa bado tunalia. Kwa hiyo naandika. Barua hii anaibeba mfanyabiashara wa samaki wa chumvi anayekwenda kupanda treni pale Tenke, kama treni ipo.

Nianze mwanzo, maana shemeji ameanza mwisho.

Unakumbuka tulivyotoka Angola. Tulifukuzwa, tukapewa asubuhi moja tu ya kuondoka. Mimi nilishika Faida na sufuria, Kalenga alishika baiskeli yake, na juu ya baiskeli alifunga nyumba yetu yote. Unajua anavyofunga mzigo: anazungusha kamba mara mbili, anairudisha chini yake yenyewe, anaivuta kwa meno. Miaka yote ya kuvusha bidhaa mpakani, mzigo wa Kalenga haujawahi kuanguka. Njiani, kabla ya kufika Dilolo, watu wenye silaha walichukua baiskeli pamoja na mzigo. Wala hawakuweza kulifungua lile fundo, wakasukuma vyote hivyo hivyo. Kalenga alikaa chini barabarani. Sikuwahi kumwona anakaa chini vile. Tangu siku hiyo, Mama, kuna kitu ndani yake hakijasimama tena, na ninakuomba ukikumbuke unaposikia haya mengine.

Tukafuata barabara ya kuja Kolwezi, tukakwama hapa. Mvua kubwa ilikuwa imebeba daraja. Lilikuwa daraja la zamani, mabomba mawili membamba ya saruji na udongo juu yake. Matawi na takataka viliziba mabomba, mto ukapanda, ukatafuta njia pembeni, ukaikata barabara kama mtu anavyokata tonge la bukari. Watu waliofukuzwa kama sisi walikuwa wanafika kila siku kutoka Dilolo na kukuta maji. Wenye nguvu walivuka kwa kamba. Wenye wagonjwa, wazee na wajawazito walibaki, wakafunga hema za turubai kando ya mto. Mimi nilikuwa na tumbo la Ilunga. Tukabaki. Mvua ilipokwisha Kalenga akajenga chumba kimoja cha matofali mabichi, na shantie ikafunguliwa: kujenga daraja upya, na mara hii kulijenga lisibebwe.

Injinia aliyekuja kutuonyesha kazi alisema neno ambalo ninalipenda. Alisema maji hayashindwi, maji yanaonyeshwa njia. Ndiyo maana daraja jipya lina matundu manne makubwa, mtu anapita amesimama, na limeinuliwa kupita alama ambayo maji yaliacha kwenye mti. Barabara ina mitaro pande mbili. Na kwenye kingo, mahali mto unapopenda kula udongo, tunapanga gabioni. Hiyo, Mama, ni sanduku la waya, kubwa kama kitanda cha watu wawili, linalojazwa mawe. Maji yanapita katikati ya mawe lakini udongo wa nyuma haupiti.

Kujaza masanduku ni kazi ya wanawake. Tunaponda mawe kwa nyundo, tumekaa chini, jiwe limezungushiwa kipande cha tairi ili lisiruke machoni. Kila kundi lina masanduku yake, na likijaa moja, mkubwa wa kundi anachana kitambaa cha kitenge chake na kukifunga kwenye waya, ili ijulikane nani alijaza. Mimi ndiye mkubwa wa kundi letu. Kitambaa changu ni kile cha kitenge cha njano ulichonipa nilipojifungua Faida. Usinikasirikie, kilikuwa kimeshachoka.

Sasa kosa langu. Kapita wa shantie, msimamizi wetu Tata Mwepu, mtu mzima wa maneno machache, alituambia mawe yatoke kilimani, juu ya mto, mwendo wa saa nzima na mawe kichwani. Lakini hapa karibu kuna lundo la mawe yaliyotupwa na mgodi wa zamani. Mawe mazito, mengine ya kijani, mengine meusi. Nikamwambia:

"Tata Mwepu, tutatembea saa nzima ju ya nini? Jiwe ni jiwe."

"Mama Faida, ile ya mugodi hapana."

"Na ile ni nzito kupita! Maji haitaibeba hata kidogo. Banamuke bamechoka, Tata. Bengine biko na batoto mu mugongo. Jiwe ni jiwe."

Akatuangalia, akaona migongo yetu, akanyamaza. Nikachukua kunyamaza kwake kuwa ndiyo. Tukajaza masanduku sita kwa siku nne. Nilijivuna, Mama. Jioni tukila nilimwambia Kalenga: "Lile langu la pili upande wa chini nimelijaza mawe ya kijani matupu, linalala pale kama tembo." Yeye akaendelea kula sombe yake ya majani ya muhogo.

Wewe uko Kabongo, labda hujui. Huku Kolwezi jiwe si jiwe. Jiwe la kijani lina shaba ndani, jiwe jeusi lina kobalti, na wapo wanunuzi wanaokaa chini ya mwavuli kando ya barabara, wanakungoja na mizani. Hata mtoto anajua. Mimi nilijua pia. Uchovu ulinisahaulisha.

Asubuhi moja tukakuta lile sanduku la pili limelegea kama tumbo la mwenye njaa. Waya ulikuwa umefunguliwa kwa nyuma, mawe yametolewa, waya umefungwa tena. Na ukingo wote juu yake ulikuwa umeinama kuelekea mtoni. Vijana wa shantie wakaanza kupiga kelele: "Ni ba mu hema! Tangu bafike hapa, hata sabuni haibaki!"

Kwenye hema kuna mwanamke anayeitwa Mama Zaina. Ni Mwislamu, wazazi wake walitoka Maniema, walikuwa wachukuzi. Yeye alizaliwa ng'ambo, Angola, akafukuzwa huko huko. Mume wake alifia njiani. Ana watoto watatu. Siku nilipojifungua Ilunga, ndiye aliyechemsha maji na kunishika mgongo, hakuna mwingine aliyekuwepo. Hema yake ndiyo iliyo karibu zaidi na lile sanduku. Vijana walikwenda moja kwa moja kwake.

Tata Mwepu alisema watu wa hema waondoke kesho kabla ya jua kusimama. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayetangaza mvua. "Nitafanya nini?" akaniuliza mimi. "Ukingo ukianguka, daraja inaanguka. Nani tena analala karibu?"

Nikainama kuangalia waya uliofungwa, ili nisimwangalie usoni.

Mama, waya ulikuwa umezungushwa mara mbili, ukarudishwa chini yake wenyewe. Hata alama ya kuvutwa kwa meno ilikuwepo.

Nilikwenda nyumbani kumnyonyesha Ilunga. Faida alikuwa amekaa mlangoni na kikopo chake, anacheza kupika. Ndani ya kikopo kulikuwa na mawe madogo ya kijani.

"Mama, kuja kula. Napika sombe."

"Sombe nzuri. Nani amekupatia?"

"Tata. Iko mingi chini ya kitanda. Lakini asema ni siri, batu batatuomba."

Nikala, Mama. Nikajifanya nakula yote na kulamba vidole, ili asijue kuwa amesema kitu kibaya. Halafu nikainua mkeka. Magunia mawili.

Kalenga aliporudi nilikuwa nimekaa juu ya kitanda, magunia miguuni. Nilitaka kupiga kelele lakini Ilunga alikuwa amelala, ndiyo maana tulisema pole pole kama watu wanaopanga harusi.

"Tata Faida, ile fundo ni yako."

Hakukataa. Hilo mwambieni shemeji, mume wangu hakunidanganya hata dakika moja. Alikaa chini, vile vile alivyokaa barabarani siku ile.

"Nilitaka kinga," akasema. Baiskeli huku tunaita kinga. "Mwanaume hana kinga, eko kama muti. Anasimama tu, ndege banamunyea. Weye unaponda mawe, weye unaleta unga, weye uko mukubwa wa kundi. Mi niko nani?"

"Na Mama Zaina je? Kesho banamufukuza."

"Sikumutaja miye."

"Weye hukumutaja, lakini njo yeye anafunga mizigo. Tulifukuzwa, Kalenga. Unajua vile inauma. Sasa tunafukuzisha bengine?"

Akasogeza magunia kwa mguu. Akasema: "Nitabirudisha. Giza ikiingia nitabitia mu sanduku, hakuna mutu ataona."

Ningeweza kukubali hapo, Mama. Nilitamani kukubali. Usiku mawe yangerudi, asubuhi mume wangu angekuwa mtu safi, nami ningeendelea kuwa mke mwema. Lakini mawe yakirudi kimyakimya, kila mtu angesema watu wa hema wameogopa wakarudisha. Wangefukuzwa na jina la wezi juu.

"Hapana," nikamwambia. "Muchana. Batu bote bakiona."

"Unaniua, Ngoie."

"Sikuui. Magunia biko mbili. Moja utabeba weye, moja nitabeba miye. Weye ulikamata, lakini miye njo nilichagua."

Asubuhi tulipotoka, vijana walikuwa wameanza kuvuta turubai. Mama Zaina alikuwa amekaa juu ya furushi lake, tayari, watoto wamevaa. Aliponiona akajaribu kunichekesha: "Usisikitike, Mama Faida. Mara ya kwanza nilifunga mizigo nikilia, nikasahau mwiko. Leo sikusahau kitu."

Kalenga alikuwa mbele yangu na gunia kichwani. Mimi nyuma, gunia kichwani, Ilunga mgongoni. Kijana mmoja akapiga mluzi: "Eh, Tata Faida! Leo unafanya kazi ya banamuke?" Wakacheka. Tulipofika kwenye lile sanduku Kalenga akamwaga gunia lake, mawe ya kijani yakatawanyika juani, na hakuna aliyecheka tena.

Aliyesema ni mimi. Nilisema: "Mawe ni haya. Nilichagua miye, Tata Mwepu alinikataza. Mwenye alichukua ni bwana yangu. Ba mu hema habana neno. Mutu anataka kufukuza, aanzie kwetu."

Tata Mwepu aliangalia mawe, akaangalia lile fundo la waya, akamwangalia Kalenga. Akasema: "Kosa iko yangu pia, nilinyamaza. Daraja inataka jiwe yenye hata mwizi hataki." Akaamuru masanduku yote sita yafunguliwe, mawe ya mgodi yarudi kwenye lundo, na sisi tupande kilimani kuleta mawe ya bure. Kalenga na mimi tungefanya wiki mbili bila malipo. Vijana wakamrudishia Mama Zaina turubai yake. Mmoja aliifunga mwenyewe, kwa aibu.

Mchana ule, nilipokuwa kilimani, Kalenga alikwenda kwa kaka yake Manika. Alimwachia Faida kikopo chake, safi, hakina jiwe hata moja. Wiki zote mbili nimezifanya mimi. Hayo ndiyo yote, Mama. Sasa umesikia kutoka mwanzo.

Nikueleze kazi ilivyoendelea, maana jibu langu liko humo. Siku ya pili nikipanda kilimani nilisikia miguu nyuma yangu. Mama Zaina na wanawake tisa wa hema, na beseni zao. Sikuwaomba. Akasema: "Sisi tunalala karibu na hii mawe. Afadhali tujue imetoka wapi." Tulibeba mawe ya kijivu, mabaya, yasiyo na kitu ndani, ambayo hata ukimpa mnunuzi wa mizani atakudai radhi. Tulipanda mianzi na majani marefu juu ya kingo. Tumeweka sheria: hakuna kuchota mchanga wala kuosha mawe ya shaba karibu na daraja, na kila Jumamosi wanawake wanatoa matawi kwenye matundu kabla hayajaziba.

Na waya, Mama. Vijana walikuwa wanafunga masanduku kwa koleo, kuzungusha tu, na ukivuta linafunguka. Tata Mwepu akaniita pembeni. Akasema: "Ile fundo ya bwana yako, niliivuta na nguvu yote, ikanishinda. Unaijua?" Nikasema ninaijua kwa macho tu. Nikajaribu, nikakosea, nikajaribu tena. Meno yangu yaliuma siku tatu. Sasa wanawake wote wanafunga hivyo. Wanaliita fundo la Tata Faida, na wanaponiita niangalie kama wamelifunga vizuri, hawacheki.

Wiki iliyopita mvua ilikuja. Siku mbili mfululizo, mto ukapanda mpaka ile alama ya mwaka jana, ukabeba migomba ya jirani na choo cha shantie chenye mlango wake. Tulisimama mvuani na watoto migongoni, tukiangalia. Maji yaliingia kwenye masanduku, yakatoka meupe kwa povu, yakaingia tena. Mama Zaina alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Maji yaliposhuka tulipita sanduku moja moja. Ukingo haukusogea. Hakuna fundo hata moja lililofunguka. Siku ya nne lori la kwanza lilitoka Dilolo likapita juu, dereva akipiga honi bila sababu, na nyuma yake watu waliofukuzwa majuzi, kwa miguu, na vitanda vichwani. Hawakusimama hata kidogo. Hawakujua kama palikuwa na mto wa kuogopa. Mama, nililia kwa kuona watu wakipita bila kujua.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na usikasirike. Sitarudi Kabongo sasa. Kazi hii inakwenda kwenye daraja linalofuata, kilomita chache mbele, na Tata Mwepu ameniambia nichague wanawake, wa hema pia. Na sitakwenda Manika kupiga magoti. Kwa ajili ya "jiwe ni jiwe" nilikiri kosa mbele ya wote, na nitakiri tena. Kwa kujivuna jioni ile mbele ya mtu mwenye uchungu, nitamwomba radhi Kalenga mwenyewe, uso kwa uso, akija. Kwa ajili ya magunia siombi radhi. Na wewe usiombe kwa niaba yangu, tafadhali Mama. Nakujua.

Lakini shemeji akipiga simu tena, mwambie amwambie mdogo wake maneno yangu haya, asipunguze. Barabara kutoka Manika iko wazi, pikipiki za taxi-moto zinafika hapa. Avuke daraja, hatalowa hata kisigino. Akishuka atazame kushoto, upande wa chini, sanduku la pili, lenye kitambaa cha njano. Tulipolijaza upya nilikataa waya wa nyuma ukatwe. Nililifungua fundo lake kwa misumari, asubuhi nzima, mawe yalipoingia nikalifunga tena vile vile. Na vijana wa daraja linalofuata wanataka kufundishwa fundo hilo. Mimi ninalifundisha kwa kubahatisha. Shantie inamtafuta mwenyewe.

Nisalimie mama mkwe wangu, kwa heshima yote. Mwambie Ilunga ana masikio ya mwanawe. Nisalimie mjomba Mukalay mwenye duka, na shangazi aliyenisuka nywele siku ya ndoa yangu, na katekista wetu, aniombee hata kama amesikia vibaya. Kabedi, mpake Mama magoti mafuta ya mawese usiku, usimwache ajipake mwenyewe. Faida anasema nimtumie bibi sombe yake. Nimemweleza kwamba ile hailiwi, akasema basi atapika nyingine.

Mimi mtoto wako, sijaanguka, sijamwangusha mtu,

Ngoie, Mama Faida